Gileadi Si Taifa la Kikristo

Nchi iitwayo Gileadi haimo katika ramani yoyote ya dunia. Ilibuniwa na mwandishi mashuhuri wa Kanada, Bibi Margaret Atwood, katika riwaya yake The Handmaid's Tale iliyotolewa mwaka 1985. Tangu mwaka 2017, riwaya hiyo ilipofanywa kuwa mchezo wa televisheni, habari za Gileadi zimeenea mahali pengi, na mabishano juu yake yameenea pamoja nazo. Wako wasemao kwamba Gileadi ndiyo sura halisi ya Ukristo ukiachiwa kushika serikali. Wako pia Wakristo waliokasirika, wakidhani kwamba mwandishi ameitukana dini yao. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na twapenda kueleza sababu zetu mbele ya wasomaji wetu wa jeshini na wa polisi.

Twawaelekea askari kwa makusudi. Gileadi haikusimamishwa kwa mahubiri. Ilisimamishwa kwa bunduki, na kila siku ya uhai wake ililindwa na watu waliovaa sare. Basi askari ndiye mtu wa kwanza apaswaye kujua tofauti kati ya dini na hila iliyovikwa nguo za dini.

Kwa wale ambao hawajaisoma riwaya hiyo, habari zake kwa ufupi ni hizi. Katika nchi ya Marekani kundi la siri lijiitalo Wana wa Yakobo linamwua Rais na kuwapiga wabunge risasi, kisha lawama wanatupiwa Waislamu. Hali ya hatari inatangazwa, katiba inasimamishwa, na watu wanaambiwa kwamba mambo hayo ni ya muda tu. Baadaye wanawake wanafukuzwa kazini na fedha zao katika benki zinazuiwa. Kwa kuwa uzazi umepungua kwa sababu ya sumu na magonjwa, wanawake wenye uwezo wa kuzaa wanakamatwa, wanavikwa nguo nyekundu na kugawiwa wakubwa wa serikali, ambao huitwa Makamanda, ili wawazalie watoto. Wanyang'anywa hata majina yao. Kila mmoja huitwa kwa jina la Kamanda anayemmiliki. Na yote hayo hufanyika kwa jina la Mungu, Biblia ikiwa mezani.

Bibi Atwood amesema mara nyingi kwamba hakutia katika riwaya hiyo jambo lolote ambalo wanadamu hawajapata kulitenda mahali fulani katika historia. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo hatuisomi habari ya Gileadi kama ndoto ya mtu mmoja. Twaisoma kama mkusanyiko wa maovu ya kweli yaliyofungwa katika furushi moja. Swali letu ni hili: je, maovu hayo yametoka katika mafundisho ya Kristo, au yametoka kwingine yakajibandika jina lake?

Jambo la kwanza la kutazama ni namna Gileadi inavyoitendea Biblia yenyewe. Katika nyumba ya Kamanda Biblia huwekwa ndani ya sanduku lenye kufuli. Kamanda peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuifungua na kuisoma; wengine husikiliza tu kile anachopenda kuwasomea. Mwanamke haruhusiwi kusoma kitu chochote. Hata vibao vya maduka vimefutwa maandishi na kuchorwa picha, na mwanamke akirudia kosa la kusoma mara ya tatu hukatwa mkono.

Jambo hilo laenda kinyume kabisa na mwenendo wa Ukristo. Injili ya Luka yasimulia kwamba Yesu alisimama katika sinagogi la Nazareti akasoma chuo cha nabii Isaya mbele ya watu wote. Kitabu cha Matendo ya Mitume chawasifu watu wa Beroya kwa sababu hawakuyapokea maneno ya Paulo hivi hivi tu. Waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Hapa petu Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa maana kuingia katika dini na kujifunza kusoma vilikuwa kitu kimoja. Biblia nzima ilikamilika katika Kiganda mwaka 1896, ili kila mtu aisome kwa lugha yake. Dini inayoogopa kusomwa na waumini wake ina jambo inalolificha.

Jambo la pili ni la kughushi. Wajakazi wa Gileadi, wakiwa katika kituo chao cha mafunzo, husikilizishwa Heri za Mlimani kutoka katika chombo cha sauti. Ndani yake umetiwa mstari wa kuwasifu wanaonyamaza kimya, mstari ambao Yesu hakuusema kamwe. Vile vile hufundishwa kanuni ya kila mtu kutoa kwa kadiri ya uwezo na kupewa kwa kadiri ya haja, wakiambiwa kwamba ni neno la Mtume Paulo. Kwa kweli kanuni hiyo imejulikana kwa kalamu ya Karl Marx, aliyeiandika mwaka 1875. Wajakazi wawezaje kutambua udanganyifu huo, hali kitabu chenyewe kimefungiwa? Askari wataelewa mfano huu upesi. Mtu akichukua amri ya mkuu wa kikosi, akaongeza ndani yake maneno yake mwenyewe, kisha akaigonga mhuri, hatuiiti amri ya mkuu wa kikosi. Twaiita hati ya kughushi, na aliyeiandika hushtakiwa. Hali kadhalika neno lililoongezwa katika kinywa cha Kristo si Ukristo, hata likisomwa kwa sauti ya unyenyekevu.

Jambo la tatu ndilo msingi wa Gileadi nzima. Makamanda huhalalisha kugawana wanawake kwa kutaja sura ya 30 ya Mwanzo, ambamo Raheli, alipokosa mtoto, alimpa mumewe Yakobo mjakazi wake Bilha. Wao husema: imeandikwa, basi ni halali. Twajibu kwamba si kila lililoandikwa limeamriwa. Katika kila kituo cha polisi kipo kitabu cha kuandikia matukio. Humo mna wizi, mapigano na mauaji. Je, yuko askari awezaye kusema kwamba wizi umeruhusiwa kwa sababu umeandikwa katika kitabu cha serikali? La hasha. Kitabu chaeleza yaliyotokea. Sheria ndiyo iamuruyo yatakiwayo.

Tena Biblia haikuacha kuonyesha matunda ya mambo yale. Nyumba ya Yakobo ilijaa wivu na uchungu, hata ndugu wakamwuza ndugu yao Yusufu kwa wafanyabiashara waliokwenda Misri. Yesu alipoulizwa juu ya ndoa, kama asemavyo Mathayo katika sura ya 19, hakurudi kwa Yakobo na wajakazi wake. Alirudi mwanzo wa uumbaji, kwa mume mmoja na mke mmoja wanaokuwa mwili mmoja. Kumshika mwanamke kwa nguvu na kumzalisha ni unajisi. Kusoma sura ya Biblia kabla ya kutenda unajisi huo hakuutakasi. Kwaongeza juu yake dhambi ya kulitumia jina la Mungu kwa uovu.

Jambo la nne ni ubaguzi. Gileadi huwaita watu weusi Wana wa Hamu na kuwahamisha kwa nguvu katika makao yao na kuwapeleka mbali. Neno hilo sisi Waafrika twalijua vizuri, kwa kuwa lilitumiwa zamani kuhalalisha utumwa wa babu zetu. Lakini mtu akiisoma sura ya 9 ya Mwanzo mwenyewe ataona kwamba Nuhu hakumlaani Hamu hata kidogo. Aliyelaaniwa ni Kanaani. Na akisoma sura ya 8 ya Matendo atamkuta mtu mkubwa wa Ethiopia akibatizwa njiani, bila mtu kumwuliza rangi yake. Paulo naye aliwaandikia Wagalatia kwamba katika Kristo tofauti za Myahudi na Myunani, mtumwa na mtu huru, mwanamume na mwanamke, hazina nguvu tena. Gileadi imejengwa juu ya tofauti hizo hizo, na zikiondolewa hakuna kitakachobaki kusimama.

Jambo la tano ni upanga. Katika Gileadi miili ya walionyongwa hutundikwa ukutani ili wapita njia waione. Miongoni mwao wamo mapadri. Vikosi vya Gileadi hupigana na Wabaptisti walioingia msituni, na jumuiya ya Kikristo ya Quaker husakwa kwa sababu ya kuwasaidia watu kutoroka. Twawaomba wale walioona kwamba riwaya hii ni matusi kwa Wakristo watazame sana jambo hili. Humo Wakristo wa kweli ndio wanaowindwa! Mwandishi mwenyewe amepata kueleza kwamba hakuandika kuipinga dini, bali kuipinga dini inapofanywa pazia la dhulma.

Petro alipochomoa upanga kumlinda Bwana wake, aliamriwa aurudishe mahali pake. Yesu alimwambia Pilato waziwazi kwamba ufalme wake si wa ulimwengu huu, wala haupiganiwi kwa silaha. Uganda yetu inayo ushahidi wa jambo hilo. Vijana waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 wakati wa Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, hawakumchoma mtu yeyote. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin, hakushika silaha. Alishika barua ya kulalamikia maovu. Walio mashahidi wa imani ni wale waliokubali kufa kwa ajili yake. Wanaoua kwa ajili yake wana jina jingine.

Jambo la sita ni unafiki wa wakubwa. Makamanda wanaowanyonga wengine kwa uzinzi wanayo nyumba yao ya siri, ambamo hunywa pombe na kustarehe na wanawake waliofungiwa humo. Sheria yao ni ya watu wa chini tu. Yesu hakuwakemea watu wengine kwa ukali kama alivyowakemea viongozi wa namna hiyo, wanaofunga mizigo mizito mabegani mwa watu na wao wenyewe hawaigusi kwa kidole. Yeye aliyekuwa mkubwa kuliko wote alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Wasomaji wetu wampime kiongozi yeyote wa dini kwa kipimo hicho: je, huosha miguu, au hutaka aoshwe yeye?

Sasa tuje kwenye sare. Askari wa Gileadi wanaokwenda vitani huitwa Malaika. Wanaolinda njia na milango huitwa Walinzi. Wapelelezi huitwa Macho. Majina ni matakatifu. Kazi zao ni kutisha, kusingizia na kuua. Lakini Maandiko hayakuwasahau askari, wala hayakuwadharau. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache jeshi. Luka, katika sura ya 3, aeleza kwamba aliwakataza kumdhulumu mtu, akawakataza kumsingizia mtu uwongo, na akawataka watosheke na mishahara yao. Kornelio, mtu wa kwanza asiye Myahudi aliyempokea Petro nyumbani mwake, alikuwa akida wa jeshi la Kirumi. Mafundisho ya Kikristo kwa askari ni mafupi na yaeleweka. Mtu akisimama mbele ya kikosi akasema Mungu anataka mnyang'anye, msingizie na muue wasio na silaha, huyo amekwisha kujipinga mwenyewe.

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya kitabuni, sisi yatuhusu nini? Twajibu kwamba yametupata hapa nyumbani. Mwaka 1986 na 1987 Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena, aliwaongoza maelfu ya watu kutoka kaskazini mwa Uganda wakiimba nyimbo za dini. Waliambiwa kwamba wakipakwa mafuta risasi hazitawadhuru. Risasi hazikusikia habari hiyo. Wengi walikufa, na waliobaki walishindwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987.

Baada yake alikuja Joseph Kony na jeshi aliloliita la Bwana, lililodai kupigania Amri Kumi za Mungu. Jeshi hilo liliiba watoto, na wasichana waligawiwa makamanda wawe wake zao kwa nguvu. Msomaji alinganishe jambo hilo na Gileadi aone kama kuna tofauti. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda katika jeshi hilo, kifungo cha miaka 25. Makosa yaliyothibitishwa juu yake yalikuwa 61, na miongoni mwake yalikuwamo ndoa za kulazimisha na mimba za kulazimisha. Ongwen mwenyewe aliibwa akiwa mtoto, nayo mahakama ililitia jambo hilo maanani katika kupima adhabu. Hata hivyo halikumwondolea hatia ya yale aliyoyatenda alipokuwa mtu mzima mwenye amri juu ya wengine.

Tena tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa milango na madirisha. Maiti nyingine zilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo mahali pengine. Watu hao walikuwa wameuza mali zao na kupunguziwa hata ruhusa ya kusema. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi huko Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu wa kundi jingine la dini, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo, ambao hawakuchagua dini yoyote.

Hapa twapenda kuonya juu ya kosa la upande wa pili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema kwamba nchi haina dini ya serikali, na yalinda haki ya kila mtu kuabudu apendavyo. Askari hakupewa kazi ya kuwa hakimu wa mafundisho. Hana ruhusa ya kulivunja kanisa dogo kwa sababu waumini wake hupiga ngoma usiku, au huvaa nguo nyeupe, au husali kwa namna asiyoizoea. Askari akifanya hivyo, amekuwa yeye mwenyewe Mlinzi wa Gileadi.

Kazi yake ni kutazama matendo. Watu wamezuiwa kutoka? Watoto wameondolewa shuleni na kukatazwa hospitali? Waumini wameuza mashamba na fedha zimeingia katika mkono wa mtu mmoja? Jamaa zao wanapokuja kuwaona hufukuzwa mlangoni? Wasichana hupewa viongozi? Hayo si mambo ya imani. Hayo ni mambo ya sheria, na raia anayefika kituoni kuyaeleza asikilizwe, neno lake liandikwe, na mahali pale pakaguliwe mapema, kabla ya siku ya kufukua makaburi.

Na kwa askari aliye Mkristo twaongeza neno moja. Asikubali Biblia yake ifungiwe sandukuni na mtu yeyote, awe mchungaji, nabii au mkubwa wa cheo. Aisome mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, akiuliza na kulinganisha. Mtume Yohana aliandika kwamba asiyependa hakumjua Mungu, na kipimo hicho hakihitaji elimu kubwa. Mahali penye jina la Mungu kila mlangoni lakini hakuna upendo ndani, ndugu askari, jueni kwamba mmefika Gileadi. Msisimame pale kuwa walinzi wa lango lake.